Hisabati ya gazetini: maswali ninayoulizwa na walimu wenzangu

Ninafundisha hisabati sekondari, na kipindi cha Ijumaa hukifungua kwa kipande cha habari ya wiki: kilichokatwa gazetini, kilichosikika kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, au picha ya grafu iliyozunguka WhatsApp. Walimu wa Bara, Visiwani na Kenya wananiuliza mambo yale yale, nikaona niyajibu mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja, mengine yamenitoka marefu kwa sababu ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Hii ni hisabati kweli, au ni somo la uraia lililovalishwa namba?

Ni hisabati. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili atafute asilimia 16 ya 250, ataipata. Mwambie "bei imepanda kwa asilimia 16", ataandika kitu daftarini bila kuuliza swali la kwanza kabisa: asilimia 16 *ya nini?* Kitabu cha kiada humwonyesha namba ipi aizidishe na ipi. Gazeti halimwonyeshi. Inabidi achague mwenyewe, na kuchagua huko ndiko kufikiri kwa namba.

Nimegundua pia kwamba ugumu mara nyingi hauko kwenye namba bali kwenye vineno vilivyoizunguka: *kwa*, *hadi*, *kati ya*, *kwa kila*. "Imepanda kwa 8" na "imepanda hadi 8" ni habari mbili tofauti. Mwanafunzi anayesoma haraka haoni tofauti, na mhariri aliyechoka saa tano usiku haoni pia.

Nianze na mada gani?

Asilimia. Usianze na kitu kingine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kenya. Tarehe 1 Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta, ile VAT, ilitoka asilimia 8 ikawa asilimia 16. Liulize darasa: imeongezeka kwa kiasi gani? Utapata makundi mawili yatakayobishana mpaka kengele. Kundi la kwanza litasema 8, maana 16 ukitoa 8 ni 8. La pili litasema asilimia 100, maana kodi imekuwa maradufu. Waache wabishane kwanza, halafu uliza swali la tatu ambalo hakuna aliyeliwaza: mwenye gari atalipa zaidi kwa kiasi gani pale kituoni?

Hapo ndipo kazi inaanza. Bei ya zamani ilikuwa na kodi ndani yake, kwa hiyo ni sehemu 108. Bei mpya ni sehemu 116. Gawa 116 kwa 108 upate 1.074. Mwenye gari ataongezewa asilimia 7.4, ambayo si 8 wala 100.

Sasa watoe kwenye makisio uwapeleke kwenye ushahidi. Bei ya juu ya lita ya petroli Nairobi kabla ya badiliko hilo ilikuwa shilingi 182.04. Iliyotangazwa baada yake ilikuwa 195.53. Ongezeko ni 13.49. Gawa kwa 182.04, utapata 7.4. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii ubaoni darasa lilinyamaza, kisha mtu mmoja akapiga makofi. Katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kupigiwa makofi kwa ajili ya swali la kitabuni.

Majibu yote matatu yana ukweli wake. Nane ni tofauti ya viwango, mia ni ukuaji wa kiwango cha kodi, saba nukta nne ni kinachotoka mfukoni. Mwanafunzi akiweza kukuambia lipi linajibu swali lipi, umeshamaliza mada.

Kwa nini unasisitiza "pointi za asilimia"? Wanafunzi wanachoka.

Kwa sababu bila neno hilo, yaani tofauti ya asilimia mbili ukitoa moja kwa nyingine, matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania hayasomeki. Watahiniwa wa shule waliofaulu mwaka 2022 walikuwa 456,975 kati ya 520,558 wenye matokeo, yaani asilimia 87.79. Mwaka 2023 walikuwa 471,427 kati ya 527,576, yaani asilimia 89.36. Wape wanafunzi namba hizo nne tu na uwaambie waandike vichwa vya habari vingi kadiri wawezavyo, vyote viwe vya kweli. Hivi ndivyo nilivyopata:

- Ufaulu wapanda kwa pointi 1.57 za asilimia.
- Kiwango cha ufaulu chakua kwa asilimia 1.8.
- Waliofaulu waongezeka kwa asilimia 3.2.
- Waliofeli wapungua kwa asilimia 11.7.

Namba ni zile zile. Mwenye kutaka kusifu atachukua cha nne, mwenye kununa atachukua cha kwanza. Halafu kuna kichwa cha tano, ambacho hutolewa na yule mwanafunzi mbishi: waliopata daraja la kwanza hadi la tatu mwaka 2023 walikuwa 197,426, yaani asilimia 37.42. "Amefaulu" ni neno, na neno hilo linajumuisha daraja la nne. Kabla ya kukokotoa, uliza neno limebeba nini.

Namba hizo hizo zinafaa kwa somo la grafu. Chora nguzo mbili, ya 87.79 na ya 89.36, mhimili ukianzia sifuri: utahitaji miwani kuona tofauti. Chora tena mhimili ukianzia 87, na nguzo ya pili itakuwa ndefu mara tatu ya ile ya kwanza. Hujadanganya popote, umekata miguu ya nguzo tu.

Walimu wenzangu wanaona ni mchezo. Nitawashawishi vipi?

Usianze na wanafunzi. Anza na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu.

Bajeti ya Tanzania ya 2024/25 ilipandisha mkupuo wa mstaafu, ile sehemu ya mafao anayolipwa kwa mara moja, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa kwenye utaratibu wa asilimia 50. Chumba cha walimu kilishangilia. Nikachukua chaki. Mkupuo umekua kwa pointi 7, au kwa asilimia 21 ukilinganisha na ule wa 33. Vizuri. Lakini kilichobaki, ambacho ndicho kinacholipwa kila mwezi, kimetoka 67 kwenda 60. Pensheni ya mwezi imeshuka kwa asilimia 10.4. Sikuona kichwa cha habari kilichosema hivyo, ingawa ni namba ile ile ikitazamwa upande wa pili.

Kisha tukaenda mbele. Mkupuo hukokotolewa kwa kuzidisha sehemu ya pensheni ya mwaka kwa 12.5. Maana yake zile pointi 7 unazochukua leo ni za miaka 12 na nusu. Ukifariki mapema, umefaidi. Ukiishi zaidi ya hapo, umepunjika kwa jumla ya fedha, ingawa aliyechukua mapema ana nafasi ya kujenga au kufungua duka kabla mfumuko wa bei haujazila. Mwalimu wa Historia, ambaye hajagusa hesabu tangu mwaka aliomaliza shule, alikaa nami mpaka magharibi. Sijasikia tena neno mchezo.

Wanafunzi hawaelewi bilioni na trilioni. Nifanyeje?

Hata sisi hatuelewi, tunazizoea tu. Mimi natumia noti za elfu kumi. Noti moja ina unene wa takribani sehemu ya kumi ya milimita. Milioni moja ni noti 100: kimo cha sentimita moja, unaipakata mkononi. Bilioni ni noti laki moja: mita 10, jengo la ghorofa tatu. Trilioni ni kilomita 10 kwenda juu, na Kilimanjaro ina mita 5,895 tu. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Ulaze mnara huo barabarani kuanzia Dar es Salaam, utaipita Dodoma.

Mnara hushangaza, lakini haumsaidii mtu kuamua kama fedha ni nyingi au kidogo. Kwa hilo gawanya kwa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Trilioni 49.35 kugawanya kwa hao ni kama laki nane kwa kila mtu kwa mwaka, au shilingi 2,200 hivi kwa siku. Hapo mwanafunzi anaanza kuuliza maswali ya maana: dawa, dawati, barabara na deni la taifa, vyote kwenye hiyo 2,200? Trilioni imeshuka chini ya mlima ikawa bei ya chakula cha mama lishe.

Je, ni salama kutumia habari za uchaguzi?

Kwa tahadhari, ndiyo, na ukiziacha utapoteza somo bora la makadirio lililowahi kutokea Afrika Mashariki.

Tarehe 15 Agosti 2022 matokeo ya urais wa Kenya yalitangazwa Bomas, ukumbi wa Nairobi kura zilikojumlishiwa. Asilimia zilizosomwa: William Ruto 50.49, Raila Odinga 48.85, George Wajackoyah 0.44, David Mwaure 0.23. Siku hiyo hiyo makamishna wanne wa tume ya uchaguzi walijitenga na matokeo hayo, na mojawapo ya hoja walizotoa siku iliyofuata ilikuwa kwamba asilimia hizo zinajumlika kuwa 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000.

Andika hoja hiyo ubaoni bila kusema ni sahihi au si sahihi. Kisha waache wakokotoe.

Kwanza, ukubwa. Kura halali zilikuwa 7,176,141 na 6,942,930 na 61,969 na 31,987, jumla 14,213,027. Asilimia moja nzima ya hizo ni 142,130. Asilimia 0.01 ni 1,421. Hoja ilizidisha mara mia. Kosa hili ni la kila siku, wanafunzi wako wanalifanya leo hii, na hapa lilifanyika mbele ya kamera zote za nchi.

Pili, ile 0.01 yenyewe imetoka wapi? Hakuna kura hata moja ndani yake. Gawa kila mgombea kwa jumla uache desimali nne: 50.4899, 48.8491, 0.4360, 0.2251. Ukikadiria hadi desimali mbili, wote wanne wanapanda juu zaidi ya haki yao, na vijipande hivyo vikikutana vinazaa 0.01. Waambie wakadirie hadi desimali moja: 50.5, 48.8, 0.4, 0.2. Jumla 99.9. Kura zimepotea! Mwanafunzi mmoja alidai dawa ni kuongeza desimali, basi tukajumlisha zile nne zenye desimali nne, ikaja 100.0001. Darasa zima lilicheka, na sijalazimika kufundisha makosa ya makadirio tena kwa darasa lile.

Sema wazi kwamba hesabu hii inajibu hoja hii moja tu. Madai mengine yalikwenda Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 5 Septemba 2022 iliyathibitisha matokeo. Hayo si ya kipindi cha hisabati.

Una dakika kumi zaidi? Wakumbushe kwamba wiki ile kila kituo cha televisheni kilikuwa na mshindi wake. Fomu za matokeo za vituo vya kupigia kura 46,229 zilikuwa wazi mtandaoni, na kila chumba cha habari kilianza kujumlisha kwa mpangilio wake. Aliyeanza na ngome ya huyu alimwona huyu akiongoza. Ni somo la sampuli: mpishi wa pilau haonji juu ya sufuria peke yake.

Sitapata matatizo na mamlaka nikikosoa takwimu darasani?

Hofu hii ina historia. Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu Tanzania yalikataza kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kupotosha zile rasmi, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena kulegeza hilo. Kanuni yangu ni rahisi: darasani tunatumia namba rasmi zenyewe na kuuliza zinasema nini. Hatutungi zetu. Tena nachagua habari mbili zenye mwelekeo tofauti, moja inayoisifu serikali na moja inayoilaumu, na zote zinapitia chekeche lile lile. Mzazi akija kulalamika, namwonyesha daftari lote.

Nina wanafunzi 90, gazeti moja, na simu haziruhusiwi.

Gazeti moja linatosha, na likiwa la zamani ni bora zaidi. Kachukue lile la kufungia maandazi. Habari ya mwaka jana ina utamu ambao ya leo haina: tunajua iliishaje. "Bei itashuka miezi ijayo", haya, ilishuka?

Andika kichwa cha habari na aya moja ubaoni. Wape dakika mbili za kimya, kila mtu aandike swali moja, si jibu. Kisha makundi ya watu watano au sita. Dakika 15 zinatosha, baada ya hapo rudi kwenye mada ya siku. Ukilifanya kipindi kizima kila wiki hutamaliza silabasi na mkuu wa shule atakuwa na haki ya kukuita.

Somo linafundishwa kwa Kiingereza, habari ni za Kiswahili. Hilo si kikwazo?

Kwa sekondari za Tanzania ni kikwazo na ni bahati. Kuna wanafunzi wanaoamini kabisa kwamba asilimia ya redioni ni kitu kimoja na ile ya darasani ni kingine. Soma habari kwa Kiswahili, kokotoeni, andikeni jibu kwa lugha ya mtihani. Watavuka daraja huku na huku bila kuona.

Ila Kiswahili chetu nacho kina mitego. "Mara tatu zaidi": kutoka 10 ni 30 au 40? Nimeuliza walimu kumi na mbili, nikapata kambi mbili. "Imepungua mara tatu" ndiyo balaa kabisa, maana ukipunguza 10 mara tatu ulishapita sifuri zamani. Kwa kawaida mwandishi anamaanisha imebaki theluthi moja, basi aandike hivyo. Tuna robo, nusu, theluthi na thumni, kwa nini tunaziacha zioze?

Na tukiwa kwenye theluthi: bunge la taifa la Kenya lina wabunge 349, na theluthi mbili yake ni 232.67. Kwa nini magazeti huandika kwamba zinahitajika kura 233, na ingekuwaje kama ingekuwa 232.1? Swali la dakika tatu, na linaonyesha kwamba kukadiria si lazima kufuate kanuni ya nusu kwenda juu.

Wale wasiopenda hisabati kabisa?

Msimamo wa ligi. Timu 16, kila moja inacheza nyumbani na ugenini, ni mechi ngapi kwa msimu? (240.) Timu yangu imebakiza mechi nne na imeachwa pointi tisa, nifunge virago? Vijana wanaofeli milinganyo wanajibu hili kichwani, pamoja na tofauti ya mabao. Waonyeshe kwamba ndicho wanachokataa kufanya daftarini.

Kuna habari inayofaa kidato cha tatu na nne, yenye hesabu nzito kidogo?

Sensa. Watu 44,928,923 mwaka 2012, na 61,741,120 mwaka 2022. Ongezeko ni asilimia 37.4 kwa miaka kumi. Karibu kila mwanafunzi atagawa kwa kumi aseme asilimia 3.7 kwa mwaka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inasema 3.2. Nani kakosea? Waache wakuze 44.9 kwa asilimia 3.7 kila mwaka mara kumi waone inafika kama milioni 64.6, karibu watu milioni tatu ambao hawapo. Watoto wanaozaliwa nao huzaa, ndiyo riba juu ya riba. Logi inapata kazi, hatimaye.

Dar es Salaam peke yake ilikuwa na watu 5,383,728, kama asilimia 8.7 ya nchi. Weka namba hiyo karibu. Siku utakaposoma kwamba Dar "inaongoza" kwa jambo fulani, uliza ina sehemu gani ya jumla. Ikiwa chini ya 8.7, haiongozi kitu ila idadi ya watu.

Unasahihishaje kazi ya namna hii?

Alama tano. Mbili za hesabu, tatu za sentensi. Mwanafunzi lazima aandike upya kichwa cha habari kwa sentensi moja ambayo haimpotoshi msomaji. Mwanzoni wanachukia sehemu ya sentensi, wanasema wamekuja kufanya hisabati, si insha. Nasahihisha *kwa* na *hadi* kwa kalamu nyekundu ile ile ninayosahihishia kujumlisha.

Na mwalimu mwenyewe akikosea mbele ya darasa?

Itatokea, maana habari haina majibu nyuma ya kitabu. Mimi ilinitokea kwenye ile ile hesabu ya Bomas. Nilikuwa nimeshawacheka waliozidisha mara mia, nikageuka ubaoni kwa mbwembwe, nikaandika kwamba asilimia 0.01 ya kura zile ni 14,213. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, umesahau sifuri moja." Nikatazama. Nilikuwa nimeandika 0.001 badala ya 0.0001.